Miti ya Bongo

Juzi mjukuu wangu alikuwa uani akimwaga mafuta machafu ya pikipiki yake, na huku jikoni kahawa yangu ilichemka mpaka ikaanza kuungua. Harufu hizo mbili zikakutana mlangoni. Nikasimama pale na kijiko mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Koko, iko nini?" mjukuu akauliza.

"Niache. Ninamusikia padri."

Akawaangalia wenzake, wakachekea pembeni, maana yake uzee wa Koko umeanza. Basi naandika haya ili ijulikane kwamba si uzee.

Mimi si mtu wa vitabu. Shule niliiacha mapema, na kusoma kwenyewe nilikuzoea kwenye maandishi ya mifuko ya simenti. Hilo duka mnaloliona barabarani, simenti, mabati, misumari, nimelipata kwa mikono hii na kwa mdomo huu, wala hakuna mwanaume aliyenishikia ngazi. Kwa hiyo nitasema moja kwa moja. Na mjue kabisa kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Ukinipa noti nitaigeuza. Ubao ukiletwa dukani naugonga kwa kidole, nausikiliza, naunusa, ndipo naanza kuongea. Watu wanasema Mama Riziki ana moyo mgumu. Hawakuyaona niliyoyaona mimi nikiwa mtoto, hapa hapa Burungu.

Burungu ya wakati ule ilikuwa migongo ya milima, maharagwe, ng'ombe za watu wakubwa, na ukungu usiojua saa ya kwenda kwao. Ilikuwa miaka ile ya kwanza baada ya uhuru. Wazungu wa mashamba walikuwa wameondoka, wengine wakiacha hata sahani mezani. Huku kwetu akaja mfanyabiashara mmoja wa kabila la Wanande kutoka Butembo, Papa Kambale, mwenye duka la chumvi na vitambaa na kamio moja, lori kuukuu iliyokohoa kuliko wazee. Huyu Papa Kambale, ujanani mwake, aliwahi kuwa boi wa mezani kwa mzungu mmoja wa shamba. Alisimama nyuma ya viti akiwa na sahani mkononi, na kwa sababu hakuruhusiwa kuwaangalia waliokuwa wakila, aliangalia juu. Huko juu kulikuwa na boriti: nene, nyeusi, zenye makovu ya tezo, kama migongo ya nyati. Alipopata mali akasema, naye atakula chini ya boriti.

Lakini boriti za namna ile zilitoka miti ya msitu wa Walikale, na barabara ya Walikale ilikuwa imefungwa kwa vita. Tena nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi. Ukiyawekea miti ile juu, matofali yangepiga magoti.

Papa yangu alikuwa fundi wa kujenga. Ufundi aliupata misioni, ambako Wazungu walimfundisha mpaka kurudisha pua za sanamu za watakatifu zilizovunjika. Akamwambia Papa Kambale: boriti zako nitazitengeneza, lakini si za mti. Ni za unga mweupe. Nitaupika kama ugali wa maji, niumimine ndani ya kalibu ya mbao, ukikauka nitaupaka rangi, na hata mchawi wa msituni hatajua.

Papa Kambale alifurahi, halafu uso ukambadilika. "Muntu asijue, fundi," akasema. "Hata bibi yako. Mimi nitasema iko miti ya Walikale. Wakijua iko unga, watanicheka mpaka Butembo." Papa akaapa. Na Papa alikuwa mtu wa kiapo, na hilo ndilo lililotuletea shida.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya vidole vyangu. Ili boriti ifanane na mti lazima ichorwe mishipa, na mikono ya Papa ilikuwa minene mno. Aliniambia tu: "Utaona. Nyamaza." Nikaona na nikanyamaza, ila hakuna aliyeniambia unga ule ulikuwa nini.

Mifuko ilitoka kwenye ghala la misioni. Siku ilipofika, watu wakiiteremsha, Shangazi Bora, dada yake Papa, alikuwa anapita na jembe begani. Shangazi huyu hakuweza kupita penye mfuko uliofungwa bila kuuliza kilichomo. Papa alikuwa juu ya ngazi na misumari mdomoni.

"Kaka! Iko nini mu hii mifuko?"

"Iko platri ya misioni," Papa akajibu kwa kupitia kwenye misumari.

Shangazi akashusha jembe. "Padri ya misioni?"

"Njo hiyo," Papa akasema, akaendelea kugonga.

Platri ni ule unga mweupe wa kutengenezea sanamu, lakini nawaomba mlisikilize neno lile kwa masikio ya Shangazi. Padri wetu wa misioni, mzungu mwenye ndevu nyekundu, alikuwa ameondoka muda mfupi nyuma bila misa ya kuaga. Katekista alisema amerudi kwao Ulaya kutibiwa tumbo. Lakini tumbo gani linalomfanya mtu aache baiskeli yake? Aliacha baiskeli, aliacha kiko chake, aliacha mbwa. Watu walikuwa wakijiuliza hivyo bila kupata jibu. Sasa Shangazi Bora alikuwa amelipata jibu, tena limefungwa kamba kwenye mifuko.

Kabla ya jua kuingia, kisima kizima kilikuwa kinajua: Kambale amenunua padri. Amemsaga. Anamtia ndani ya nyumba ili mali isitoke.

Mimi niliyasikia kwa watoto wenzangu, nikawacheka. Kesho yake nilipokuwa kazini nikaanza kuangalia unga ule kwa jicho la pembeni. Ulikuwa mweupe kupita unga wa muhogo, laini, hauna harufu. Ukiushika unakausha vidole kana kwamba unavinywa. Papa aliunyunyiza majini polepole, hakumimina maji juu yake, na aliunyunyiza kimya kama mtu anayesali. Kalibu ilikuwa sanduku refu la mbao, ndani ameichonga kwa tezo ili makovu yatokee juu ya boriti, na ameipaka sabuni isishike. Alimimina uji ule, akatandika vipande vya gunia, akatia na nywele nyekundu alizozitoa kwenye kikapu, akamimina tena. Nywele ni za kuushika unga usipasuke. Hilo nalijua leo. Siku ile nilijiuliza tu: nywele za nani?

Halafu Papa akaniita niweke mkono. Uji ulikuwa umeanza kuwa mgumu. Nikaweka kiganja.

Ulikuwa na joto.

Si joto la jua, maana Burungu ukungu ulikuwa umekaa mpaka mlangoni. Lilikuwa joto la mtu. Joto la mdogo wangu akiwa na malaria, ukimgusa chini ya shingo. Nikaurudisha mkono mgongoni. Lakini kuanzia saa ile niliamini kila kitu kilichosemwa kisimani, na kumwangalia Papa nikamwangalia kama mgeni. Nyie mliowahi kumwogopa baba kwa fimbo yake hamjui. Ogopa baba ambaye hajawahi kukupiga, anayeimba akifanya kazi, na wewe unaona ameweka mtu ndani ya sanduku.

Tena kulikuwa na Gasore.

Gasore alikuwa mchungaji wa ng'ombe za bwana mmoja mkubwa wa Nyamitaba. Jina lake kwa Kinyarwanda ni kama kusema kijana, ingawa alikuwa na mvi. Alikuwa mrefu, mkimya, na koti la mzungu lisilo na mkono mmoja. Kila asubuhi alileta maziwa nyumbani kwa Papa Kambale, na maziwa yale hakuna aliyeyanywa. Niliona kwa macho yangu. Papa aliyamimina kwenye ndoo, akayachanganya na chokaa kidogo, akazipaka boriti zilizokwisha kukauka. Leo najua maziwa yanaziba matundu ili rangi isizame ikapotea. Lakini watu wa njiani waliona kitu kimoja tu: maziwa yanaingia, hayatoki, na nyumba bado haina mwenyeji.

"Wanamulisha nani?" Shangazi Bora akauliza kisimani. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu wote walijua.

Gasore hakuondoka akishaleta maziwa. Papa alimpa benchi ndani ya nyumba, kitu ambacho sikuona mtu mwingine wa Burungu akimfanyia. Mara nyingine walikaa wawili wakichambua vile vinywele vyekundu, wakivitenganisha na mavumbi. Gasore aliweka kiganja juu ya boriti mpya, akangoja, joto likishuka anasema: "Huyu anapona." Papa anacheka. Na mimi nikichora mishipa kwa kichanuo changu cha mti, nikikivuta juu ya unga kabla haujawa mgumu, Gasore anatikisa kichwa: "Mutoto, mti haukui hivi. Unanyoosha kama barabara ya Wazungu. Pindisha kidogo. Mti nao ulikuwa unatafuta jua." Nilipindisha, kwa sababu ni mkubwa, lakini nilimshuku kuliko wote. Mwenye kujua sana namna mtu anavyopona ndani ya sanduku, nilisema moyoni, huyo ndiye aliyemweka.

Kuhusu rangi, hapo ndipo harufu ile ilipotoka. Papa alichemsha kahawa na magome ya mti wenye utomvu mwekundu, akatia na masizi ya sufuria. Alipaka, akapangusa kwa kitambaa, weusi ukabaki kwenye mishipa yangu na juu ukabaki wekundu wa mti wa zamani. Kisha alisugua kwa mafuta machafu ya kamio mpaka ikang'aa. Kwa mwiba wa nungunungu akatoboa vitundu vya wadudu. Nawaambia, ulikuwa mti. Ukisimama chini yake ungemsikia ndege.

Nyumbani kwetu, wakati ule, mambo yaliharibika. Mama akifika kisimani wanawake walikumbuka wana kazi nyingine. Hakuna aliyekuja kuomba kaa la moto. Jirani aliyezoea kutuazima chungu alikuja kuchukua chungu chake, akakiosha hapo hapo mbele ya mama yangu, ndani na nje. Mama akamwuliza Papa: "Niambie mimi mwenyewe, mu ile nyumba kuko nini?" Papa akasema, "Kazi ni kazi." Mama hakulia. Alichukua jembe akaenda shambani kulima mahali palipokwisha limwa.

Shangazi Bora ndiye aliyeyamaliza. Alikuja na kikapu cha viazi, eti analetea mafundi chakula. Papa alikuwa ametoka kumimina boriti dakika zile zile. Shangazi akazunguka, akasifu, akaegemea sanduku kama mtu aliyechoka, na mkono ukateleza ndani.

Akatoa sauti ambayo ng'ombe za Gasore ziliijibu kutoka bondeni.

"Iko na homa! Mama yangu, iko na homa! Iko muzima!"

Alikimbia mpaka barabarani, viazi vikimfuata vikibiringika. Papa alibaki na mwiko mkononi. Nafikiri ndipo alipojua kwa mara ya kwanza kile watu walichokuwa wakisema, maana aliketi chini juu ya mfuko, halafu akainuka upesi akauangalia mfuko aliokuwa ameukalia.

Jumapili, katekista alipomaliza sala, watu hawakwenda nyumbani. Walikuja moja kwa moja kwa Papa Kambale, mbele akiwa kapita wa Burungu, mkubwa wa kijiji, mtu mfupi mwenye kofia ya jeshi aliyoipata sijui wapi. Boriti zilikuwa zimekwisha kupandishwa, zimefungwa kwa waya, zimekaa juu kwa heshima zao. Watu waliingia wakainama kidogo, kana kwamba zingewaangukia. Papa Kambale alikuwa amevaa tai. Alidhani wamekuja kumpongeza.

Kapita hakuzunguka. Alimwelekezea Papa fimbo. "Fundi, tumechoka. Leo padri atoke, ao wewe utoke. Wewe, bibi yako, na watoto. Na maharagwe yako tutang'oa."

Msifikiri lilikuwa neno la kutisha watoto. Mwaka uliotangulia mtu mmoja wa mlima wa pili alifukuzwa kwa kushukiwa uchawi, na mimi niliona nguzo za nyumba yake zikitoa moshi. Papa alijua hivyo. Mama alijua hivyo, akapita katikati ya wanaume akaenda kusimama karibu na Papa, jembe bado begani.

Papa akamwangalia Papa Kambale. Papa Kambale akaangalia juu, kama alivyozoea alipokuwa na sahani mkononi. Kiapo kilikuwa baina ya wawili hao, na sisi wote tulikuwa tumesimama juu yake.

Hatimaye Papa Kambale akalegeza tai. "Vunja," akasema. Papa akapanda ngazi, akainua nyundo. "Haiko ile ya katikati, fundi! Piga ile ya pembeni. Ya pembeni, tafazali." Alisema kama mtu anayemwonyesha muuguzi jino.

Papa akapiga. Kipande kikaanguka kikapasuka chini, ndani mweupe kama muhogo. Watu wakarudi nyuma, halafu wakasogea. Mzee mmoja akakigusa kwa kidole cha mguu.

"Haiko mti!"

"Iko unga!"

"Kambale! Miti ya bongo!" Kwetu bongo ni uongo, na neno lile lilipotoka, kicheko kikaanza nyuma ya nyumba kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Miti ya bongo! Tai ya Kambale! Walikale ya Kambale! Papa Kambale alifunika uso kwa mikono. Nami nikaona Papa anatabasamu, kwa sababu kicheko hakichomi nyumba ya mtu.

Ndipo Shangazi Bora alipoinama akaokota kipande. Akakigeuza. Akavuta kitu kwa ncha za vidole, kikatoka taratibu, kirefu, chekundu.

"Ndevu," akasema.

Kapita alivua kofia. Wanaume wawili wakamshika Papa mikono, ngazi ikaanguka. Mama akasema, "Mumuache," kwa sauti ndogo, akashusha jembe begani akalishika kwa mikono miwili. Papa alifungua mdomo. Nilimwona. Alifungua mdomo, akamwangalia katekista, akaufunga. Na mimi, binti yake, nilisema moyoni: kweli ni yeye.

Watu wakasukumana mlangoni. Gasore aliingia, akiinama kwa sababu ya urefu, akamwendea Shangazi, akamtoa ule unywele mkononi kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akausokota kwenye vidole. Akaunusa. Akaupitisha shavuni.

"Nyie watu," akasema, "muko munashika muntu juu ya mukia?"

"Mukia gani?" kapita akauliza.

"Mukia ya Gaju."

Gaju kila mtu alimjua. Alikuwa ng'ombe mwekundu wa bwana wa Nyamitaba, ng'ombe wa kujivunia, ambaye bwana alikuwa akija kumwona kabla ya kuwasalimia wanawe. Gasore akageuka awaone wote. "Mimi njo nilikata. Fundi aliniomba nywele, alinipa tumbako, nikakata. Na maziwa, mimi njo nilikuwa naleta. Haikuwa ya kulisha muntu. Ilikuwa ya kupaka hii miti yake ya bongo."

Sasa muelewe. Kwenye chumba kile kulikuwa na watu wa ng'ombe wengi. Padri ndani ya boriti ni jambo baya. Lakini maziwa kupakwa kwenye boriti! Watu walisonya, mzee mmoja akatema mate mlangoni, mwingine akasema aliona tangu zamani kwamba Gasore si mzima. Kapita mwenyewe, ambaye ndama wake walikuwa kwenye kundi lile, alimsahau Papa. "Ulikata mukia ya ng'ombe ya patro yako? Bila ruhusa?"

"Nilikata."

"Juu ya tumbako?"

"Ilikuwa tumbako muzuri," Gasore akajibu, na hata waliokuwa na hasira wakashindwa kujizuia, wakacheka.

Wakamwachia Papa mikono. Hakuna aliyemwomba radhi. Shangazi Bora aliokota kikapu chake, akasema viazi vyake havikurudishwa.

Asubuhi yake watu walipanda malishoni kuhakikisha. Nami nilikwenda, kwa sababu nilikuwa sijaamini. Gaju alisimama kwenye umande akipunga kijiti cha mkia kwa nzi wasiokuwapo. Nywele zilikuwa zimekatwa sawasawa, kama kichwa cha mtoto anayepelekwa ubatizo. Chini, juu ya majani, vilibaki vipande vyekundu, vikavu, vimelala juu ya umande bila kuloa. Niliviokota viwili vitatu, nikavipuliza vikaruka. Watu wakasema, basi ni kweli. Bwana wa Nyamitaba aliletewa habari, na kabla ya juma kwisha Gasore hakuwa tena na ng'ombe.

Alipita kwetu akiondoka. Fimbo, mkeka, kibuyu cha maziwa kitupu, na lile koti. Mama alimpa maharagwe, akamfungia na majani juu yasimwagike, akamwita "kaka", neno ambalo sikuwahi kumsikia akimwita mchungaji yeyote. Papa alimshika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachilia. Walisimama hivyo barabarani mpaka nikaona haya kwa niaba yao. Sikuelewa. Nilijificha nyuma ya mlango, kwa sababu mtu anayekata mkia wa ng'ombe aliyekabidhiwa, nilisema, anaweza kukata chochote. Aliniona penye ufa.

"Wewe wa kichanuo," akasema. "Ile ya pembeni mukiitengeneza tena, usisahau kupindisha."

Akashika njia ya Kitshanga. Sikumwona tena.

Papa aliitengeneza ile ya pembeni. Papa Kambale alimlipa bila maneno, akala chini ya boriti zake miaka mingi, na watu waliokuwa wakimcheka walikuja kula naye. Kuhusu padri, baada ya muda mrefu katekista alipata picha yake kutoka Ulaya: mzee mnene amekaa bustanini na paka, mzima kabisa, amenyoa ndevu. Shangazi Bora aliishika picha ile, akaisogeza dirishani. "Munaona?" akasema. "Na ndevu ziko wapi?" Alikufa na neno lake.

Nami nilikua na langu, la mkia wa Gaju. Nilikuwa nimeshaanza biashara, nina mifuko yangu ya simenti na wadeni wangu, Papa alipolala kitandani ambako hakuinuka tena. Siku moja nilikuwa namnywesha uji, nikasema kwa kutania, ili acheke: "Papa, kumbe mukia ya Gaju ilikuokoa."

Hakucheka. Alisukuma kijiko.

"Gaju gani? Zile nywele zilitoka mu godoro ya padri."

Kijiko kilibaki hewani. Godoro la mzungu, lililojazwa nywele za farasi, katekista alilitupa nje likiwa limeliwa na panya, na Papa akalichukua. Ndizo zile nywele alizokuwa akichambua na Gasore kwenye benchi.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, Riziki? Niseme haiko ndevu yake, iko kitanda yake? Wangenichoma na jembe ya mama yako juu."

Nikafikiri. Halafu, nikiwa pale na uji unapoa, nikaviona tena vile vipande vyekundu juu ya majani. Vikavu. Juu ya umande. Huku kwetu Masisi, ambako mvua haipitishi siku bila kuja kusalimia, vipande vya nywele zilizokatwa wakati boriti zinamiminwa vingekuwa vimekwenda na maji zamani. Gaju alikatwa asubuhi ile ile. Gasore alitoka kwenye nyumba ya Kambale, akapanda kilima alfajiri kumwendea ng'ombe aliyempenda, akamnyoa mkia, ili neno alilokwisha kulisema liwe kweli kabla watu hawajafika. Nilikuwa nimeushika ushahidi mkononi, mimi mtoto wa kushuku kila mtu, nikaupuliza.

"Kwa nini alifanya vile?" nikamwuliza Papa.

"Sikumuuliza. Wewe ungemuuliza?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mimi ningemuuliza, ningemgeuza kama noti. Nilimtafuta Gasore baadaye, Kitshanga, Nyamitaba, kwa watu wa ng'ombe na watu wa kamio. Wengine walisema alivuka kwenda upande wa Rutshuru, wengine wakasema Walikale. Hakuna aliyejua, ila mzee mmoja aliniambia: "Gasore? Yule mwizi wa mikia?" Nikaondoka kwake bila kuaga.

Nyumba ya Papa Kambale niliinunua kwa watoto wake walipohamia Butembo. Ndimo ninamoandikia. Wageni wakiingia wanainua macho, wanasema miti ya zamani ilikuwa na nguvu, Koko, hizi zilitoka Walikale? Mimi nawaacha. Ile ya pembeni ina ufa mdogo, na kwenye ufa unatokeza unywele mmoja mwekundu ambao Papa hakuufunika vizuri. Kuna mjinga mmoja, fundi kijana, aliniomba ngazi ili aukate, eti unaharibu kazi. Akataka na kuigonga boriti kwa kidole aisikie.

Nilimwambia ashuke. Kila kitu kinachoingia katika nyumba hii nakigonga, nakinusa, nakigeuza. Ile ya pembeni haigongwi.

"Unywele wa nani, Mama?" akauliza.

"Mukia ya Gaju," nikamjibu, nikaenda kuangalia kahawa yangu.